Hewa Imeshaandikishwa

— Bisheni. Anayebisha asimame nimwone urefu wake. Nasema hivi: hewa ya mtaa huu ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi wala si ninyi. Karatasi yake nimeiona kwa macho haya haya, na mnajua macho yangu hayajawahi kuvaa miwani.

Kijiwe chenyewe ni mlango. Mlango wa mbao uliokosa nyumba, ukalazwa juu ya matofali kwenye kona ya duka la misumari na rangi. Tundu la kitasa bado lipo. Ukikaa vibaya, baridi inakupitia humo. Mvua ilikuwa imeanza kabla watu hawajaamka na haikuonyesha nia ya kwenda popote. Bati la kibaraza lilivuja mahali pamoja tu, na mahali hapo hapo ndipo alipokaa Spika, kijana aliyeiacha shule katikati ya hesabu za sehemu, akamwachia mwalimu sehemu iliyobaki. Waliomwita Spika walimwita kwa ajili ya mdomo. Wenzake walizaliwa na mdomo wa kulia na kunyonya. Yeye alizaliwa na mdomo wa kutangaza. Siku nyingine angesukuma watu mpaka apate pakavu. Siku hiyo matone yalimdondokea begani, naye akayaacha yadondoke. Hakuna aliyeliona hilo. Nani ataangalia bega la mtu ambaye mdomo wake uko wazi?

— Kunywa kwanza, ndipo utuuzie hiyo hewa, alisema Birika, muuza kahawa, huku akipepea mkaa uliokataa kushika.

— Ningekuwa nauza mimi, ninyi ningewapa bure na nyongeza juu. Tatizo ni kwamba hewa si yangu.

Gia akacheka. Gia ni dereva ambaye lori lake limesimama muda mrefu mpaka kuku wa jirani wanatagia chini ya boneti, lakini ukimsikia akiongea utadhani yuko mteremkoni na breki hana.

— Nyoosha maneno, bwana mdogo. Ni habari ya redio ya mama yako?

— Ndiyo hiyo. Jana nimekwenda ofisini kwao. Nimeingia bila hodi, nimekaa bila kukaribishwa. Afisa aliponiona tu, akafunga dirisha.

— Kwa hofu?

— Kwa mvua. Lakini hofu nayo ilikuwepo.

Habari ya redio kila mtu pale aliijua. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, mama yake Spika huketi kila asubuhi mbele ya kipaza sauti na kuwaambia watu wa mtaa huu, na wa mitaa miwili ya jirani, yale ambayo hakuna mwingine wa kuwaambia: nani amefariki na maziko ni lini, mtoto wa nani hakurudi nyumbani, dawa za sukari zimefika zahanati au bado, bomba la upande gani litatoa maji. Huanza kwa maneno yale yale: habari za asubuhi ninyi mliolala, na ninyi ambao hamkupata usingizi. Mtambo aliutengeneza marehemu mumewe, fundi redio, kutoka kwenye matumbo ya redio zilizokufa. Fundi akaondoka, mtambo ukabaki, na mama akaendelea kana kwamba mumewe ametoka kidogo kutafuta waya. Kisha ikaja amri kutoka ofisi inayogawa masafa. Masafa mnayotumia ni ya watu wengine, nyamazeni. Siku ya mwisho waliyoachiwa kusema ilikuwa hiyo hiyo ya mvua. Wiki nzima Spika alikuwa ameapa hapo juu ya mlango kwamba atakayeifunga redio ya mama yake ataanza kwanza kuufunga mdomo wake yeye, na kufuli la ukubwa huo halijatengenezwa.

— Wanatuita wavamizi, alisema. Sisi. Sisi tuliokuwa hewani wakati hao wa redio ya jengo la vioo bado wanatafuta vioo.

Mzee Mihuri akakohoa. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia nyuma ya dirisha la ofisi, akipokea karatasi za watu na kuzigonga muhuri. Muhuri alishaurudisha siku nyingi, lakini gumba lake halina habari. Kila anapomaliza sentensi ya maana, linashuka juu ya mbao.

— Mwanangu, ofisi haiulizi nani alianza kusema. Inauliza nani alianza kuandikishwa.

Gumba likashuka.

— Hata kama huyu mwingine amesema miaka yote? aliuliza Birika.

— Hata kama amesema tangu enzi za babu yake. Wewe nenda hospitali, ulale mlangoni usiku kucha, usichukue namba. Atakuja mwingine asubuhi, ameoga, amekunywa chai, atachukua namba, ataingia kabla yako. Utamwonyesha daktari ubavu ulivyokufa ganzi kwa sakafu. Daktari atakupa pole, na namba itaitwa. Masafa ni hivyo hivyo. Sauti mbili zikigongana, aliyeandikishwa mbele anaendelea, wa nyuma ananyamaza.

— Si nilishawaambia? alidakia Gia. Hewa imepimwa viwanja. Hapo juu ya kichwa chako, Birika, pana mpaka. Ukiinuka kwa pupa umeshaingia kwa mtu.

— Na ndege wanapita wapi?

— Ndege wana barabara yao ya pembeni. Kwani umeshaona ndege anaruka amenyooka? Wanakwepa viwanja.

— Mimi nilisikia zaidi ya hapo, alisema Birika. Nilisikia wanaandikisha mpaka ya mbele. Mtoto hajazaliwa, lakini kilio chake tayari kina mwenyewe. Siku atakayolia, analia kwa hisani ya watu.

— Kilio ni masafa ya juu, alisema Gia. Ya chini ni kukoroma. Mke wangu alishanipa onyo, anasema naingilia yake.

Wakacheka. Spika alicheka kuliko wote, na wenzake walipomaliza yeye akaendelea peke yake kidogo, kama mtu aliyesahau mlango wa kutokea.

— Ngoja, alisema Birika. Muda wa mama umefika.

Akanyoosha mkono kuchukua redio yake ndogo iliyokaa juu ya gunia la mkaa. Kwenye kioo chake pana doa jekundu la rangi ya kucha. Spika akaiwahi, akaifunika kwa kiganja.

— Acha kwanza tuongee. Kila siku mnamsikiliza mama. Leo msikilizeni mtoto.

— Lakini leo ndiyo ya mwisho. Si ndiyo ya kumsikiliza?

— Ya mwisho kwa nani? Nimesema haizimwi. Anayetaka kuizima apitie hapa.

Akajipiga kifua. Kifua kikatoa mlio wa shati lililolowa. Birika akamtazama, kisha akamwachia redio, maana mkaa ulikuwa unazimika tena, na mkaa haumsubiri mtu.

— Kuna jambo silielewi, alisema Mzee Mihuri. Mimi baba yako nilimfahamu. Alikuwa mtu wa utaratibu, hata skrubu zake alizilaza kwa ukubwa. Haiwezekani mtu yule akae miaka yote bila kuandikisha.

Spika alimtazama mzee kwanza, ndipo akajibu. Kwa Spika, hilo peke yake lilikuwa tukio.

— Aliandikisha, mzee.

— Lini?

— Kabla yao. Na hapa ndipo ninapotaka mnibishie kabisa. Afisa mwenyewe alinionyesha. Jina la baba liko juu, la hao wa vioo liko chini, na kati yao kuna majina ya watu wengi.

— Basi mmeshinda, alisema Gia. Kesi imekwisha. Birika, mmiminie bingwa.

— Aliandikisha masafa mengine.

Kisha wote watatu, bila kuambizana, wakaitazama redio ya Birika chini ya kiganja cha Spika, pale ambapo doa jekundu lilichungulia kati ya vidole. Mzee Mihuri ndiye aliyeelewa wa kwanza, na ungemwona ungetamani asingeelewa.

Mtaa huu haujawahi kujua redio kwa namba. Kila redio iliyotoka kwenye meza ya fundi yule ilitoka na doa la rangi ya kucha ya mkewe kwenye kioo, mahali pa kusimamisha mshale. Ukihamia hapa na redio yako, unaipeleka ikawekwe doa. Ukimwuliza mtoto mama yuko wapi hewani, atakujibu: kwenye doa. Namba zilikuwepo chini ya kioo, lakini nani alizisoma? Ni kama kuulizwa namba ya nyumba ya shangazi yako. Unajua kufika, basi.

— Sasa karatasi ya ofisini haina mahali pa kupaka rangi ya kucha, alisema Spika. Inataka namba. Baba akaenda kwenye ile redio yake kubwa ya mbao, ile aliyokuwa haruhusu mtu kuigusa, akaweka mshale kwenye doa, akainama, akasoma. Tisini na saba nukta tatu. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa kunyooka. Nimeuona jana.

— Na mtambo?

— Mtambo ulikuwa unasema kwenye nukta sita. Tangu siku ya kwanza. Ile redio ilianguka tulipohama nyumba ya zamani, mshale ukapinda. Mishale ya watu wote aliinyoosha, wake akauacha, kwa sababu yeye alikuwa anasikia, hasomi. Tofauti yenyewe ni unene wa kucha, mzee. Ningemwambia baba jambo hilo angenicheka.

— Waliupinda, alisema Gia.

— Nani?

— Hao hao wa vioo. Kuna mashine siku hizi, inakaa mbali inapinda mishale. Huoni hata kipimo cha mafuta cha lori langu kilivyolala?

— Gia, lori lako halina mafuta. Na redio ilianguka mbele yangu, hakuna aliyeigusa.

— Ilianguka upande gani? Jiulize hilo. Kwa nini ikaangukia upande wa mshale? Hata kuanguka kumeshaandikishwa, bwana mdogo. Kila kinachoanguka kinaangukia upande wa mwenye karatasi.

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa upuuzi, lakini upuuzi uliokaa vizuri kwenye mvua ile.

Mzee Mihuri akavuta kikombe karibu, asinywe.

— Bado kuna njia, alisema. Kama kweli kwenye nukta tatu mlikuwa wa kwanza, hameni. Urekebisheni mtambo uende huko, tuwape watu habari, kila mtu asogeze doa lake. Huko hakuna wa kuwagusa.

— Unadhani mdomo huu haukulisema hilo? Nimelisema nimesimama. Afisa akageuza karatasi, akanionyesha upande wa pili. Mnakumbuka lile gari lililokuja na mlingoti juu, likaegeshwa hapa kwenye kona?

— Yule jamaa mwenye vidude masikioni? alisema Birika. Alikunywa kahawa yangu. Aliisifu mpaka nikaona haya.

— Huyo huyo. Hakuja kututafuta sisi. Alikuja kusikiliza nukta tatu, kuona kama aliyeandikishwa anaitumia. Akakaa, akasikiliza, akakuta kimya. Na mama wakati huo huo alikuwa anasema, kila redio ya mtaa inamtoa, labda hata wewe Birika ulikuwa umefungulia.

— Nilikuwa nimefungulia, alisema Birika taratibu. Alinipa pole kwa msiba uliokuwa unatangazwa.

— Lakini yeye hakutumwa kumsikia mama. Alitumwa kusikia nukta tatu. Akaandika: haitumiki. Ukiandikishwa usipotumia, nafasi inafutwa, anapewa wa nyuma yako. Imeshapewa. Kwa hiyo pale tulipokuwa wa kwanza hatukuwa tunasema, na pale tulipokuwa tunasema hatukuwa wa kwanza.

Gumba la Mzee Mihuri lilinyanyuka, likakaa hewani, likarudi mfukoni bila kugonga kitu.

— Na kuomba upya?

— Tunaanzia mkiani. Afisa alijaribu kunionyesha waliotutangulia, akafunua, akafunua, mpaka akachoka yeye mwenyewe akasema tu, ni wengi.

Birika alikuwa ameacha kupepea.

— Mimi naona mwisho wake wataandikisha hata kimya, alisema. Utakuwa umekaa kwako umenyamaza na shida zako, utagongewa mlango. Tafadhali, bwana, unaingilia kimya cha mtu.

— Kimya hakiandikishwi, alisema Mzee Mihuri. Ingekuwa kinaandikishwa, fundi wa watu asingenyang'anywa.

Upole huo wa wenzake ndio uliomtisha Spika. Aliujua unaelekea wapi. Unaelekea kwenye maswali. Akajinyoosha, akapandisha sauti, akawa Spika tena.

— Lakini sikutoka hivi hivi. Nilimwambia. Nikamwambia, mheshimiwa, sauti ya mama yangu haihitaji karatasi. Sauti ile imezika watu wa mtaa mzima na imewarudisha watoto makwao, sasa wewe na kalamu yako utaiambia nini?

— Akasemaje? aliuliza Gia.

— Alibabaika. Akatafuta maji ya kunywa.

— Halafu?

— Halafu akaniambia niweke sahihi ya kukubali amri.

— Ukaweka?

— Nikamwuliza, hii ndiyo kalamu mnayowapa wageni? Haina hata kifuniko.

— Spika. Uliweka?

Spika akainua kikombe akanywa. Kilikuwa kitupu, na kila mtu aliona kuwa kilikuwa kitupu, na akakinywa mpaka mwisho.

Angeulizwa mara ya tatu, lakini wakati huo mwanamke mmoja akaingia chini ya bati akikimbia mvua. Alikuwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, na utepe wa kupimia nguo ulining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, amepanga juzi tu ile nyumba ya nyuma ya duka, na bado aliwasalimia watu kwa uangalifu wa mtu asiyejua nani ni nani.

— Habari za hapa, kaka zangu. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, binti. Karibu, uko salama?

— Salama. Naomba kahawa, kama ipo.

Birika akainamisha chombo chake. Kilichotoka kilikuwa machicha meusi, yakakaa chini ya kikombe kama tope. Akakitazama, akakirudisha.

— Samahani, dada. Imekwisha.

— Si kitu. Yule mwanamke akasita, akawatazama mmoja mmoja. Labda ninyi mtanieleza. Mimi ni mgeni na redio sina. Hapa njiani nimempita jirani yangu amesimama mlangoni anaitikisa redio yake, anasema mama leo hayupo, ni upepo tu. Na mimi sasa hivi nimepita chini ya dirisha la yule mama, nimemsikia mwenyewe. Anasoma. Anamtaja mzee mmoja aliyetoka nyumbani jana bila viatu, anaomba aliyemwona aseme. Nikasimama mpaka nikalowa, namna anavyosema vizuri.

Akaufinya mfuko wa plastiki, maji yakachuruzika.

— Sasa anaongea na nani?

Gia, aliyekuwa na jibu la ndege na la kukoroma na la mishale, akainama kufunga kamba za viatu. Mzee Mihuri akaangalia barabara. Birika akanyoosha mkono, na safari hii Spika hakuiziba redio. Birika akaiwasha, akausogeza mshale taratibu mpaka ukagusa doa. Ikatoka sauti ile ya mchele unaomwagwa juu ya bati, isiyoisha. Akausogeza mbele kidogo, akaurudisha nyuma kidogo. Mchele tu.

— Spika, alisema Birika.

Kijana alikuwa anatazama tundu la kitasa. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida, na wale watatu, waliokaa naye asubuhi zote, ndiyo kwanza walikuwa wanaisikia.

— Kuna kipande sikuwaambia. Niliweka sahihi. Afisa alisema nisipoweka watakuja na gari kuuchukua mtambo, wataubeba hivi hivi, na ule ni mikono ya baba. Nikaweka. Leo mama alipokuwa bado kitandani niliingia stoo nikauzima. Niliuzima mimi, kwa mkono huu. Ile taa ya kipaza sauti chumbani kwake nimeiacha, umeme wake ni wa kwingine, na kwenye vile vidude vya masikioni anajisikia vizuri tu, hawezi kujua. Nilisema nitamwambia akiamka. Nikasimama mlangoni kwake namsubiri, nimeshayapanga maneno yote. Akatoka, amenawa uso, karatasi zake mkononi. Akaniona. Akasema, leo umewahi, mwanangu, hebu nipishe, watu wananisubiri.

Akafuta maji usoni kwa mkono wa shati lililolowa.

— Nikampisha.